Ninusie, Mama Castory

"Hivi Mama Castory, wewe pua yako imeota kutu?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Selina, muuza migebuka, wale samaki wa ziwa letu, tukiwa kwenye foleni ya bomba hapa Kasingirima. Alikuwa ameshika kiuno, ndoo iko miguuni, na wenzake walishaanza kucheka kabla mimi sijafungua mdomo.

"Kwa nini, mama?"

"Maana kila asubuhi nakuona unatoka misa, hata kwako hujafika, umeshaingia kwa Bi Klorini. Unakaa. Unakunywa chai yake. Sisi tukipita tu uchochoroni tunashika pua. Wewe mwenzetu umeumbwaje?"

Mimi si mwepesi wa maneno, na foleni ya bomba si mahali pa kumtetea mtu. Utatetea neno moja, watarudisha kumi. Nilijaza ndoo yangu, nikajitwisha, nikaondoka. Lakini njiani nilisikitika, maana Selina alikuwa amekosea pua. Yangu mimi, namshukuru Mungu, ni nzima. Iliyokufa ni ya Bi Mwanvua, huyo wanayemwita Bi Klorini, na kazi inayonipeleka mle ndani kila asubuhi ndiyo hiyo hiyo: kunusa.

"Karibu, Mama Castory. Ninusie haya maziwa, yamelala vizuri?"

"Yamechacha, Bi Mwanvua."

"Basi niwekee yagande. Na huyu samaki? Ninusie."

Mtu asiyesikia harufu hajui kama wali umeshika chini mpaka auone mweusi. Hajui moshi mpaka macho yalie. Na lililo baya kuliko yote, hajui kama yeye mwenyewe ananuka au hanuki. Watu wakimwambia ananuka, atabisha kwa ushahidi gani? Mara nyingi ameninyooshea mikono yake miwili kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni, akaniambia, "Ninusie. Sema kweli, kwa jina la Mungu wako." Nami humwambia kweli. Ananuka udi, tena udi mwingi kupita kiasi, kwa kuwa anajifukiza bila kujua wapi akomee. Harufu ya klorini hana. Ilishaondoka zamani. Iliyobaki iko vichwani mwa watu.

Naandika habari zake akiwa hai na kwa ruhusa yake. Jina lake ni Mwanvua binti Hamdani, mzaliwa wa Ujiji, mjane wa fundi wa reli. Kabla ya mambo ninayotaka kuyasimulia alikuwa mwoshaji wa maiti za wanawake wa Kiislamu. Mimi ni Mkatoliki, mambo hayo nayajua kwa kusimuliwa na yeye. Nikikosea mahali, wenyewe wanisamehe.

Uani kwake kuna mkunazi, mti wa miiba, ulipandwa na bibi yake. Majani yake yakitwangwa hutoa povu kama sabuni, na ndiyo wanayotia kwenye maji ya kumwoshea marehemu. Maji ya mwisho hutiwa kafuri. Zamani zile, palipotokea msiba wowote kuanzia Ujiji mpaka Bangwe, utawaona watu wanapiga hodi kwake kuchuma majani. Mti ulikuwa hauna majani upande wa chini, yote yamechumwa.

Alikuwa akiosha pamoja na rafiki yake wa tangu utoto, Bi Tatu. Bi Tatu akimimina, Bi Mwanvua akisugua. Wenyewe walikuwa wakitaniana kwa lile neno la wahenga, kwamba mwosha huoshwa.

"Sasa Mwanvua, nani atamtangulia mwenzake?"

"Tangulia wewe. Mwili wako mkubwa huo, heri nikuoshe ningali na nguvu za kukugeuza."

"Na mifupa yako hiyo! Mimi nitakuosha kwa kikombe cha kahawa."

Tena alikuwa na jambo lake moja ambalo wengine hawakuwa nalo. Alimsemesha maiti. Si kwa sauti ya kilio, la, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwogesha mtoto. "Haya mama, mkono huu. Geuka. Maji ya uvuguvugu, usiogope." Siku moja nilimuuliza kwa nini anasema na mtu asiyesikia. Akaniambia, "Mgeni akija kwako humsemeshi? Na huyu hapo alipo ni mgeni, bado hajajua kumekuwaje."

Mwaka wa tisini na sita vita vya Zaire vilifika ng'ambo ya ziwa, na watu wakaanza kuvuka. Walikuja kwa mitumbwi, kwa maboti ya dagaa, kwa chochote kilichoelea. Walishukia Kibirizi na kando kando ya ufuko, wamebeba magodoro yaliyolowa, kuku, sufuria, wazee mgongoni. Sisi akina mama wa parokia tulipewa kazi ya kupika uji hapo ufukoni. Walikuwa wengi, maji waliyokunywa ndiyo hayo hayo waliyojisaidia kando yake, na haukupita muda kipindupindu kikaingia.

Wakajenga banda la maturubai, wakazungusha kamba, asiye na kazi asipite. Mkubwa wa pale alikuwa bwana afya mmoja anayeitwa Elinipa, kijana mrefu mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka Same, ambaye alikuwa akisema taratibu kama mtu anayesoma. Alikwenda misikitini na makanisani kuomba wanawake wasioogopa, wa kuwahudumia waliofariki, kwa sababu hakutaka maiti za akina mama zishikwe na wanaume. Bi Tatu miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza. Bi Mwanvua alikwenda.

Siku ya kwanza Elinipa alituita sote, wapika uji na wahudumu, akafungua pipa la plastiki lenye unga mweupe. Harufu ikatupiga, macho yakatutoka machozi.

"Akina mama, kitu hiki kinaitwa klorini. Humu kimefungwa ndani ya unga, lakini kwa asili yake ni hewa, rangi yake manjano inayoelekea kijani, nzito kuliko hii tunayovuta. Ukiivuta yenyewe inaunguza mapafu."

"Sasa unatuletea sumu, mwanangu?" akauliza Bi Mwanvua.

"Sumu kweli, mama. Lakini kwa kipimo kidogo inamuua mdudu, wewe inakuacha. Tabia yake ni moja: haiwezi kukaa peke yake. Huko duniani huikuti peke yake hata siku moja, lazima ishike kitu. Ikikuta chuma inakila, kinaoza kwa kutu. Ikikuta rangi ya nguo inaila. Ikikuta kidudu cha kipindupindu inakila. Ikipigwa na jua nguvu zinaisha, mnabaki na maji matupu. Kwa hiyo tunaichanganya kila asubuhi na kuiweka kivulini."

"Kumbe inatafuta mchumba."

Wanawake wakacheka, na palikuwa hapajachekwa pale tangu watu waanze kufa. Elinipa naye akacheka.

"Ndivyo hasa, mama. Na ikiolewa ikatulia mnaijua, iko jikoni kwenu. Chumvi ya Uvinza hiyo. Klorini imeolewa na kitu kingine kikali kama yenyewe, kinaitwa sodiamu, ambacho kikiguswa na maji kinawaka. Wakali wawili wameoana, sasa mnawatia kwenye mchuzi wa dagaa. Hata haya mabomba ya plastiki, imo. Jiki ya kufulia mashuka, imo."

"Na hii ya pipani?"

"Hii imechumbiwa tu. Saa yoyote inaondoka na mwingine."

Akatupa masharti. Unga ndio utiwe kwenye maji, maji yasimwagwe kwenye unga. Ukorogwe kwa mti, si kwa chuma. Kifuniko kisiachwe wazi. Pua na mdomo vifungwe kitambaa. "Na kamwe, kamwe, msiichanganye na asidi."

Hakuna aliyeuliza asidi ni nini, maana sote tuliijua. Asidi ni maji ya betri, yale ya gereji, yanayotoboa suruali za mafundi. Nani angechukua maji ya betri akayapeleka bandani?

Maiti ya kwanza ya Bi Mwanvua ilikuwa bibi mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Bwana afya alitaka maiti wapuliziwe dawa tu kisha wafungwe kwenye plastiki. Bi Mwanvua akamsihi amruhusu awamwagie kwa mkono wake, naye akakubali, akampa glavu ndefu na buti za mpira. Lakini alipomwona anatoa kopo la mkunazi uliotwangwa, akamzuia.

"Mama, hayo majani usitie."

"Haya ndiyo maji yenyewe, mwanangu. Bila haya namwosha nini?"

"Yataila dawa. Nilikwambia, inashika kinachotangulia. Ukitia majani itashika majani, mdudu itamwacha, na hawa vijana wanaokwenda kuzika watarudi na ugonjwa majumbani. Chagua kimoja."

Nilikuwa kwenye chungu cha uji, nilimwona kwa mbali. Alisimama na kopo lake muda mrefu. Kisha akalirudisha kwenye kikapu, akachota dawa. Nikamsikia anasema, "Haya bibi, utanisamehe, leo maji yananuka. Geuka."

Tangu siku hiyo hakutia mkunazi wala kafuri. Aliosha Waislamu, aliosha wa kanisa langu, aliosha ambao hatukujua wa nani. Alituchanganyia pia maji ya kunywa, yale ya kipimo kidogo. Wageni wetu wakanusa vikombe, wakamtazama. "Mama, hii mayi iko inanuka. Mutatuua?" Naye akanywa mbele yao kikombe kizima, akajifuta mdomo, akasema, "Haya, tufe wote." Wakanywa.

Dawa ilimla naye. Mikono ikapauka, ngozi ikapasuka kwenye viungo vya vidole. Kanga zake zote ziliingia madoa meupe, kisha maandishi yakaanza kufutika. Alikuwa na kanga nzuri za maneno, mwanamke wa Ujiji yule. Mwisho wa miezi ile alikuwa akipita njiani na kanga isiyosema kitu.

Sasa nifike kwa Riziki.

Riziki alikuwa binti wa pekee wa Bi Tatu. Aliuza mawese Kibirizi, kwenye umati ule ule. Asubuhi moja akaletwa bandani kwa machela, macho yameshazama, na kabla ya mchana akafariki. Bi Tatu aliletwa na watu, miguu yake ile, akasimama nje ya kamba analia. Ndani aliingia Bi Mwanvua.

Ruhusa iliyotolewa ilikuwa kwamba mama ataonyeshwa uso mara moja, kisha safari ya makaburini. Bi Mwanvua alilijua hilo. Alijua pia kwamba Tatu atamwinamia mwanawe amnuse, kama mama yeyote angefanya. Akamwosha Riziki kwa dawa ile kali, akamaliza, na kitambaa chake puani kilikuwa kimelowa akakivua. Akaona harufu ni ya banda, si ya mtoto. Na kwenye pindo la kanga yake alikuwa na ndimu.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa ndimu ni ya nini. Mkono ukinuka samaki, unakamua ndimu, shombo inaondoka. Tumefanya hivyo tangu tunajua kula mgebuka. Basi akakamua ndimu zake kwenye beseni la dawa iliyobaki, akakoroga, akachota kidogo akapitisha kwenye nywele za Riziki, akainamia tena beseni ili achote.

Nilisikia kikohozi kisichokuwa cha binadamu. Nikaacha mwiko, nikapita kamba. Ndani hewa ilikuwa inachoma kama pilipili kwenye makaa. Nilimkuta amepiga magoti, mikono shingoni. Nikamburuta kwa kwapa mpaka nje, Elinipa akaja mbio akafungua maturubai yote.

"Mama, nilisema asidi! Umetia asidi gani?"

Hakuweza kusema. Akafungua kiganja tu. Lilikuwa ganda la ndimu.

Kijana wa watu akakaa chini kwenye mchanga. "Kosa langu," akasema. "Nilisema neno la kitabuni. Ndimu nayo ni asidi. Mngejuaje?" Na kweli, hata mimi siku ile ndiyo nilijua, na umri wote ule nakamua.

Bi Tatu hakuyajua hayo, alikuwa upande wa pili. Walipomfunulia uso wa mwanawe, aliinama, akanusa, akainuka taratibu. Akamtafuta Bi Mwanvua kwa macho, akamwona amekaa chini karibu nami, macho mekundu, kamasi zinamtoka.

"Dawa nilijua," akasema. "Dawa niliambiwa. Lakini ndimu? Ndimu, Mwanvua? Mwanangu ni samaki, hata umtoe shombo?"

Bi Mwanvua akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Koo lilikuwa limefungwa. Akajaribu kusimama, nikamshika.

"Husemi? Nawe nilikuona dada." Bi Tatu akajifunga kanga vizuri. "Sawa. Mwosha huoshwa. Na wewe utaoshwa hivyo hivyo."

Neno walilokuwa wakicheka nalo miaka yote. Watu wote wa msiba walilisikia, na jioni yake lilikuwa limeshafika Ujiji.

Kipindupindu kiliisha. Wageni wakapelekwa makambini kwa malori, Elinipa akahamishwa, banda likachomwa. Sauti ya Bi Mwanvua ilirudi baada ya wiki kadhaa, ya kukwaruza, na ndiyo aliyonayo mpaka leo. Pua haikurudi. Na watu nao hawakurudi. Palipotokea msiba walimwita Bi Tatu na wengine. Maneno yalikuwa yale yale: kwamba aliosha watu kwa maji yaliyobadilika harufu, bila mkunazi, kwa hiyo hawakuoshwa. Shehe alieleza msikitini kwamba dharura ina hukumu yake na marehemu wale hawana walilopungukiwa. Watu wakasema amina. Kisha wakatoka nje wakaendelea kumwita Bi Klorini.

Ninachokumbuka zaidi ni ule mkunazi. Majani ya upande wa chini yaliota tena, mengi, ya kijani kibichi, yakafika mpaka kichwani kwa mtu. Hakuna aliyechuma. Wanakwenda kuchuma mbali. Nikiingia asubuhi namkuta Bi Mwanvua amekaa chini ya ukuta, anautazama mti kama unavyotazama kitanda cha mgeni kisicholaliwa.

"Kwa nini hukumwendea Tatu ukamweleza?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba nimekosa kwa ajili yake? Nitakuwa nimemtwika mzigo juu ya msiba."

"Basi nitakwenda mimi."

Akanishika kanga. "Usiende, Mama Castory. Hajauliza. Jibu halimwendi mtu ambaye hajauliza, linamwingia kama mwiba."

Nikatii. Nikamwombea kwenye rozari yangu, yeye na Bi Tatu pamoja, fungu moja. Lakini nilijua kinachomla. Kufa hakumwogopeshi; amekaa na wafu kuliko alivyokaa na walio hai. Aliogopa lile neno. Aliogopa kwamba siku yake ikifika watakuja watu wa glavu, wammwagie dawa kimya kimya kama wanaosafisha sakafu, wamfunge, waende. Aliwahi kuniuliza kama mtu aliyekufa bado anasikia harufu. Nikamwambia sijui. Akasema, "Huenda siku hiyo pua itarudi. Itakuwa hasara, irudi nisikie klorini."

Mwaka huu, baada ya mfungo, alasiri moja, tulikuwa tumekaa uani nachambua mchele wake. Tukasikia fimbo kwenye mlango wa ua.

"Hodi."

Bi Mwanvua akawa kama amepigwa na baridi. Miaka haijamsahaulisha sauti ile.

"Karibu," nikasema mimi. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba." Aliingia na kikapu, amezeeka, mwili ule mkubwa umepungua. Hakumtazama mwenzake. "Nimekuja kuchuma majani. Kuna msiba Bangwe, na mkunazi tuliokuwa tunachuma umekatwa. Sikuja kukaa."

"Chuma," akasema Bi Mwanvua. "Mti wa bibi, si wangu."

Akachuma. Tulisikia tu majani yakikatika, na mimi mchele nilikuwa nautazama siuoni. Kikapu kilipofika nusu, akasema, bado ametupa mgongo, "Mwanvua."

"Abee."

"Ile ndimu."

Akachuma jani jingine, akalitia kikapuni.

"Nimekaa nayo miaka yote. Nikikamua ndimu kwenye samaki mkono unasimama. Sasa nakula samaki bila ndimu, wajukuu wa dada yangu wananicheka. Nataka nijue kabla sijafa. Uliitia ya nini?"

"Nilitaka kutoa harufu ya dawa, Tatu. Nilijua utamwinamia. Nilitaka ukute Riziki, usikute klorini."

Mkono wa Bi Tatu ukabaki kwenye tawi.

"Na ulimsemesha?"

"Nilimsemesha."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, geuka mwanangu, mama yako yuko hapo nje. Kamba ndiyo iliyomzuia. Si yeye aliyekataa kuingia."

Bi Tatu akaegemea mti, na mkunazi hauegemewi, mwiba ukamchoma. Akainua kiganja akafyonza damu. Kisha akageuka, na ilikuwa kwa hasira, au kitu kinachofanana na hasira.

"Siku ile nilikuuliza! Nilikuuliza mbele ya watu! Mbona hukunijibu?"

Hapo mimi nikashindwa. "Hakuwa na sauti, Bi Tatu. Ile ndimu ilikorofishana na dawa, hewa yake ikamchoma koo. Na pua. Mpaka leo hasikii harufu ya kitu chochote."

"Ya kitu chochote?"

"Chochote."

Akamsogelea. Alichukua jani moja kikapuni, akalifikicha kwa vidole mpaka likatoa maji, akamwekea puani.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Tatu."

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. Akalitia lile jani kwenye kiganja cha Bi Mwanvua, akakifunga kiganja kwa mkono wake, akaachia. Akachukua fimbo na kikapu. Nilimletea maji ya kunywa, hakunywa. Mlangoni alisimama.

"Miguu yangu ndiyo hii unayoiona. Sijaahidi kitu."

"Sijakuomba kitu."

"Lakini usiwape watu majani yote. Bakiza." Akaenda zake.

Hajarudi tena mpaka ninapoandika. Hatukusikia kwamba amesema jambo lolote kwa watu, na Selina na wenzake bado wanashika pua. Sitaki kusema kwamba mambo yamekuwa mazuri, maana nyumba ile bado vikombe vya chai ni viwili tu, chake na changu. Lakini kesho yake nilimkuta Bi Mwanvua ameegesha kigoda chini ya mti, anachuma majani machanga. Aliyakausha kivulini, akayatwanga, akayatia kwenye kopo lenye mfuniko. Akanipa nilinuse. Nikamwambia linanuka vizuri, linanuka majani.

Ndipo aliponiambia niandike, kwa kuwa mimi nilisoma mpaka la saba na yeye hakupata. Akasema nisipambe maneno, niweke kama alivyosema. Alisema hivi:

"Siku yangu ikifika, Tatu akija mpishe aingie. Asipokuja, nitafutie yeyote wa dini yangu mwenye mikono na mdomo, anisemeshe. Majani yako kwenye kopo juu ya kabati. Kuniosha huwezi, hilo najua. Lakini maji nitekee wewe, ya ziwani, si ya bomba yenye ile dawa. Na kabla hujayaingiza ndani, Mama Castory, ninusie."